Ng'ombe Thelathini na Mmoja

Kaka yangu Kaspar hajawahi kukubali kwamba nina kazi. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiamka, navaa, napanda gari la wafanyakazi kilomita tatu ndani ya handaki, nakaa mbele ya mitambo zamu nzima, na yeye akinikuta dukani anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mikate: "Ehe, Regula, leo maji umeyapeleka wapi? Juu au chini?"

Nikijibu juu, anauliza, "Na jioni?"

Nikisema jioni tutayashusha, basi hapo ndipo anapopata raha yake. "Jamani, mmemsikia? Anayapandisha, anayashusha, mwisho wa mwezi anakinga mkono. Na mimi mjinga nakamua ng'ombe!"

Watu hucheka, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nilikuwa namjibu ovyo, yeye anajibu ovyo zaidi, tunatoka dukani kila mtu na mkate wake hatusemezani mpaka kwenye daraja. Pale darajani mmoja wetu atasema kitu kuhusu hali ya hewa, yakaisha. Ndivyo tulivyolelewa.

Kwa asiye wa bonde letu nitaeleza mara moja. Kuna Ziwa la Juu, lililokaa kwenye bakuli la mawe jirani na theluji, na kuna Ziwa la Chini, mita mia sita chini yake. Katikati mlima umetobolewa, na tumboni mwa mlima zimekaa mashine zetu mbili. Umeme ukiwa mwingi kuliko watu wa kuutumia, tunauchukua na kusukumia maji juu. Watu wakirudi majumbani wakawasha majiko wote kwa pamoja, tunayaachia maji yashuke, na gurudumu lile lile lililokuwa likisukuma linazunguka upande wa pili na kutoa umeme. Umeme hauwekwi ghalani kama jibini, kwa hiyo sisi tunaweka maji. Hasara ipo. Ni kama umepandisha ndoo tano, zikarudi na kazi ya ndoo nne. Ya tano imeliwa njiani. Hilo la ndoo ya tano nilimwambia Kaspar kwa mdomo wangu, na tangu siku hiyo sikuwahi kuwa na amani.

Ugomvi wake na mlima una sababu. Ukuta wa bwawa ulipojengwa alikuwa na miaka tisa, na Ziwa la Juu likafunika barabara ya mawe aliyoijenga babu yetu na wenzake, ile ya kupitishia ng'ombe kwenda malisho ya kiangazi. Njia mpya inazunguka mlimani kwenye kokoto, saa mbili za kuteleza. Barabara ya babu bado ipo. Ziwa likipungua inatokeza, ya kijivu, na kidaraja chake, na unaivuka kwa robo saa. Kwa hiyo kuna makubaliano ya zamani kati ya kituo na wafugaji: siku ya kushuka, mwezi wa tisa, hatuwashi pampu mpaka kundi livuke. Katika daftari la zamu siku hiyo tunaandika neno moja tu, "Ng'ombe," na kila mtu anaelewa.

Lakini Kaspar mwenyewe hakuwahi kukanyaga ndani. Kituo kilikuwa na siku za wageni, shule zilikuja, kwaya ya kanisa ilikuja, hata padri alivaa kofia ngumu akazungushwa. Yeye, ng'o. "Siingii kwenye shimo lililomeza barabara ya babu," alisema, na akisema hivyo humtoi neno jingine.

Sasa, kwetu ng'ombe wakishuka kutoka malishoni wanashuka na maua. Kila mmoja anavikwa shada kichwani, matawi ya msonobari na karatasi za rangi na maua ya bustani, na wakubwa wanafungwa kengele nzito shingoni. Lakini ni kwa sharti. Wawe wameshuka wote waliopanda. Akifa hata mmoja huko juu, kundi zima linashuka vichwa vitupu, bila kengele, na watu wanasimama milangoni kimya. Hakuna anayeuliza.

Kaspar alikuwa ameshuka kimya miaka miwili mfululizo. Mwaka wa kwanza radi. Mwaka wa pili mtamba aliporomoka gengeni. Na huu wa tatu ndio uliokuwa wa mwisho wake; ana miaka sitini na sita, malisho yalikuwa yanakwenda kwa mfugaji mwingine, na mkataba ulikwisha kusainiwa. Alipandisha ng'ombe thelathini na mmoja mwezi wa sita. Ilipofika wiki ya mwisho wote walikuwa wazima, na alikuwa ameacha kabisa kufanya utani, jambo ambalo kwa Kaspar ni kama mtu mwingine kuacha kula. Alitaka kushuka na maua. Hakulisema, lakini nilikuwa namwona anavyowahesabu.

Aliyekuwa akimtia wasiwasi ni Nelke. Nelke ndiye anayetangulia. Ana miaka kumi na tano, mjukuu wa ng'ombe wa mama yetu, na goti lake la mbele limekwisha. Kundi likishuka linakwenda mbio kidogo, wale vijana wa nyuma wanasukuma, na Kaspar aliogopa watamwangusha. Kwa hiyo akaamua kumvusha peke yake siku moja kabla, Ijumaa, pole pole, alale upande wa huku kwenye banda la chini apumzishe goti, na Jumamosi kundi likifika aungane nalo. Wazo zuri. Ila hakuniambia.

Na hakuniambia kwa sababu alijua, au alidhani anajua, ziwa litakuwaje. Hapa ndipo ninapoingia mimi.

Zamani tulikuwa tunasukuma usiku, viwanda vikilala. Asubuhi ziwa limejaa, mchana linapungua, na Kaspar aliijua saa ya ziwa lile kuliko saa ya kanisa. Kisha watu wakajaza mapaa yao mabamba ya umeme wa jua, umeme ukawa mwingi adhuhuri, nasi tukageuza kazi: sasa tunasukuma mchana. Ziwa likawa linashuka asubuhi na kupanda adhuhuri, kinyume cha alivyozoea. Alikuja kwangu majira ya kuchipua kulalamika, tumeketi na sahani ya makaroni na viazi, tufaha la kupondwa pembeni, mimi nimetoka zamu nina njaa.

"Nieleze basi," akasema. "Nitajuaje lini linapanda?"

"Rahisi. Kukiwa na jua tunasukuma. Kusipokuwa na jua hatusukumi. Kula, chakula kinapoa."

Nilimwambia hivyo kama unavyomwambia mtoto, ili aninyamazie nile. Akaitikia kwa kichwa, akala, na sentensi ile akaiweka kichwani kama anavyoweka kila kitu, kwa miaka.

Ijumaa ile bonde lilijaa ukungu. Ukungu mzito, kutoka Ziwa la Chini mpaka juu ya ukuta wa bwawa, huoni kwato za ng'ombe unayemshika. Kaspar alitoka kibandani, akatazama juu, hakuona jua wala dalili ya jua, akasema moyoni: leo hawasukumi. Akamfunga Nelke kamba, wakateremka polepole kwenye barabara ya babu.

Mimi saa nne na nusu nikapokea simu kutoka kituo cha gridi, wanakogawa umeme wa nchi nzima. Bi. Wyss. Miaka minane nilikuwa nikimfahamu kwa sauti tu, sauti kavu, haina kona.

"Habari za mlimani, Regula. Pampu zote mbili, tafadhali, kwa nguvu zote."

"Na ukungu huu?"

"Kwenu ukungu. Huku kwetu jua linachoma, na kaskazini ng'ambo ya mpaka hakuna wingu hata moja. Nina umeme mpaka puani. Unimezee."

Nikaumeza. Mwenzangu wa zamu, Dario, ambaye ni mtu wa upande wa kusini na anaamini kahawa yetu ni maji ya kuoshea vyombo, alifungua vali, mashine ya kwanza ikaingia, ikafuata ya pili. Chini ya miguu sakafu ikaanza mtetemo wake. Mimi naupenda mtetemo ule, sioni aibu kusema. Ukiusikia unajua maji yanapanda mita mia sita ndani ya jiwe na wewe ndiye uliyeyatuma. Nikamimina kahawa. Nilikuwa mtu mwenye furaha kabisa.

Saa tano na robo simu yangu ikalia. Kaspar. Kaspar hapigi simu.

"Regi," akasema. "Mnafanya nini huko?"

"Tunasukuma. Kwa nini?"

"Mnasukumaje? Hakuna jua!"

"Kaspar, uko wapi?"

Nikasikia maji, yale ya kugonga gonga mawe, na pumzi ya ng'ombe.

"Kaspar! Uko wapi wewe?"

"Karibu na kidaraja. Nelke amekanyaga pembeni, mawe yalikuwa yameliwa, miguu ya nyuma imezama kwenye tope. Nilikuwa namvuta tu, taratibu, najua nina siku nzima. Sasa maji yamenifika magotini."

"Toka humo! Toka sasa hivi!"

"Sitoki."

"Mungu wangu, Kaspar, una wazimu? Maji yale ni ya theluji! Mwachie kamba utoke!"

"Nimepandisha thelathini na mmoja," akasema, bila hasira kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa. "Nitashuka na thelathini na mmoja. Si ulisema wewe? Kusipokuwa na jua hamsukumi."

"Jua la huku si jua la gridi! Linawaka kwenye mapaa ya watu huko mbali, umeme wao unakuja kwetu!"

"Hukusema hivyo."

Hakika sikusema. Pampu zote mbili zikienda, ziwa linapanda karibu mita moja na nusu kwa saa. Nikampa Dario ishara na mkono, yeye alikuwa amekwisha kusimama.

Kanuni yetu iko wazi. Ukiona uhai wa mtu uko hatarini, unazima, halafu ndipo unamweleza mkubwa. Mnyama, unaomba kwanza. Nikamuuliza Kaspar, "Ukiulizwa, utatoka au hutoki?"

"Nimeshakwambia."

"Basi wewe ni mtu aliye hatarini, na ni mpumbavu pia." Nikazima. Mtetemo ukafa chini ya sakafu. Sauti ile ya kufa siipendi, inakuacha kama ngazi iliyokosa kidato.

"Regi," akasema Kaspar baada ya muda. "Nimeweka jiwe hapa kwenye ukingo wa maji. Yamesimama."

"Yako wapi?"

"Kwangu mapajani. Kwake tumboni. Anatetemeka. Nikichimba tope chini ya maji linarudi lote. Siwezi hivi."

Kwa hiyo kusimama hakukutosha. Ng'ombe mzee kwenye maji ya barafu, nusu saa, dakika arobaini, anakata tamaa mwenyewe na kulala. Kaspar alijua, mimi nilijua. Dario alikuwa tayari anavaa koti, amebeba koleo mbili, kamba na mbao za fundi rangi.

"Kigari cha waya dakika kumi na mbili mpaka juu," akasema. "Nakwenda."

"Dario, wewe si unaogopa ng'ombe?"

"Sana," akasema, akatoka.

Nikampigia Bi. Wyss kwa simu ya kituo. Alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Umeniangusha, Regula. Pampu mbili kwa mpigo. Nini?"

"Mtu yuko kwenye sakafu ya ziwa. Kaka yangu. Maji yamemfika mapajani."

"Anatoka?"

Ningeweza kudanganya. "Hatoki. Ana ng'ombe amezama kwenye tope, na hatamwacha. Nimezima kwa ajili ya mtu. Sasa naomba kitu kwa ajili ya ng'ombe."

"Omba."

"Nataka kugeuza. Niyashushe maji. Dakika arobaini, mashine zote mbili."

Nikasikia kiti chake kikilia. "Hebu nielewe. Ni karibu adhuhuri, nchi nzima ina jua, nimekuomba unimezee umeme, na wewe unataka kunipa mwingine."

"Ndiyo."

"Nitauweka wapi, Regula? Mfukoni?"

"Sijui, dada yangu. Ningekuwa najua nisingekuomba."

Sijawahi kumwita dada yangu kabla ya siku ile. Ilinitoka tu. Akauliza, "Ana jina huyo ng'ombe?"

"Nelke."

"Nipe dakika tatu."

Dakika tatu zile nilisimama. Nilitazama saa ya ukutani, ile yenye mshale mwekundu, na nikajilaumu kwa sauti, peke yangu, chini ya mlima mzima. Nilijiambia, sahani ya makaroni, Regula. Ulishindwa kuacha uma dakika tano ukamweleza mtu kama mtu.

Simu ikalia. "Haya. Kuna kituo kama chenu bonde la tatu kutoka hapo, walikuwa na pampu mbili zimepumzika. Wanaziwasha sasa hivi wameze wa kwenu. Ziwa lao litapanda ili la kwenu lishuke. Dakika arobaini, si moja zaidi. Halafu mimi nitaandika ripoti, na wewe utaandika ripoti, na wote wawili tutalazimika kuandika neno ng'ombe."

"Sisi huku tumezoea," nikasema.

Mashine kubwa huigeuzi kama unavyogeuza kiti. Maji kwenye bomba lazima yatulie kwanza, gurudumu lisimame kabisa, vali ifunguke kidogo kidogo. Dakika tisa. Nilizifanya kwa mpangilio, kila kitufe kwa zamu yake, mkono mmoja kwenye meza na simu begani.

"Regi," akasema Kaspar, meno yanagongana. "Jiwe langu liko pale pale."

"Subiri."

"Nelke anataka kulala."

"Mzuie! Mwimbie, mtukane, fanya lolote!"

Akaanza kumwita Nelke ule wito wetu wa jioni, wa kuwaita ng'ombe wakamuliwe, sauti imekatika katika kwa baridi. Mama alikuwa akiita hivyo hivyo. Machozi yalinitoka na niliyaacha yatoke, hapakuwa na mtu wa kuyaona. Gurudumu la kwanza likaanza kuzunguka upande wa pili. La pili likafuata. Mtetemo ukarudi sakafuni, mzito zaidi, ule wa kushuka.

Wito ukakatika. Nikadhani Nelke amelala.

"Kaspar?"

"Regi." Alisema polepole sana. "Yanarudi."

"Una hakika?"

"Jiwe langu lina mstari wa unyevu. Upana wa kidole. Vidole viwili sasa. Loh! Yanarudi nyuma, haki ya Mungu."

Miaka kumi na tisa nimeyashusha maji yale, sijawahi kusikia mtu akiyafurahia hivyo.

Dario alifika na mbao zake. Simu ikapita kwenye mkono wake, na nikasikia akihema.

"Regula, ananitazama."

"Nani?"

"Ng'ombe."

"Mtazame na wewe! Chimba!"

Walichimba, mzee wa miaka sitini na sita na mtu wa kusini aliyefunga macho nusu, wakaingiza mbao chini ya tumbo na nyuma ya mapaja, na maji yakawa yanashuka mbele yao mpaka mawe ya babu yakatokeza yote. Dakika ya thelathini na nne Nelke alijitupa mbele mara moja, akapanda barabarani, akasimama. Dario anaapa kwamba ng'ombe alimkanyaga mguu makusudi. Dakika ya arobaini nilifunga vali, nikampigia Bi. Wyss nikamwambia yuko nje.

"Vizuri," akasema kwa sauti yake kavu. "Sasa rudi kusukuma. Jua bado liko hapa."

"Wakivuka."

"Wakivuka," akakubali.

Jioni nilikwenda kwenye banda la chini. Nelke alikuwa amefunikwa mablanketi mawili, moja la Kaspar mwenyewe. Yeye alikuwa ameketi kwenye nyasi kavu na kikombe cha kahawa chenye kitu ndani, nami nilikuwa nimejiandaa njia nzima nimwambie maneno mawili matatu kuhusu watu vichwa vigumu. Nikafika nikasema kingine.

"Nilikufundisha vibaya, kaka."

"Ulinifundisha kama mjinga," akasema. Hakuwa na kinyongo, alikuwa anasema tu ilivyo. "Ungenifundisha kama mtu ningeelewa. Mimi si mjinga, Regi. Nakutania kwa sababu hujawahi kunieleza mpaka mwisho. Kila mara unakatiza, mara una njaa, mara umechoka."

Nikalisogeza blanketi la Nelke likamfunika shingo.

"Sasa nifundishe vizuri," akasema. "Jumatatu. Nitakuja huko kwenye shimo."

Jumamosi walishuka. Nilikuwa zamu, niliandika "Ng'ombe" kwenye daftari, na nikakaa mkono mbali na pampu mpaka alipopiga simu kusema wamevuka. Kisha nikatoka mlangoni mwa handaki kuwaona wakipita. Ukungu ulikuwa umeondoka. Thelathini kwa miguu, kila mmoja na shada lake, na nyuma yao gari dogo la mizigo limembeba Nelke, goti limefungwa, shada kubwa kuliko yote kichwani, anatafuna. Kuna wazee walionung'unika kwamba anayetangulia anapaswa kutembea. Kaspar aliwajibu kwamba sharti linasema washuke wazima, halisemi washuke kwa miguu gani. Kengele ya Nelke, ile ya kilo kumi na tatu, aliibeba yeye mwenyewe begani, mbele ya wote, na kila hatua yake ilikuwa inalia. Uwanjani mbele ya kanisa aliwahesabu kwa sauti mpaka thelathini na mmoja, halafu akavua kofia akajifuta uso muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Jumatatu alikuja. Alivaa ile fulana ya bluu ya kushukia, yenye nakshi ya maua mabegani, viatu vina samadi, na kofia ngumu tuliyompa ilikaa juu ya kichwa kama kifuniko cha sufuria ya jirani. Mkononi alishika shada moja. Ndani ya handaki alilishika kwa mikono miwili kilomita zote tatu.

Nilimweleza mpaka mwisho. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kompyuta jua la kaskazini, waya zinavyopita juu ya milima, bonde la tatu lilivyowasha pampu zake. Aliuliza maswali mengi kuliko padri na kwaya pamoja. Dario aliketi mbali, mguu juu ya kiti.

"Kwa hiyo jua la watu wengine ndilo lililotaka kumzamisha Nelke wangu," akasema Kaspar.

"Ndiyo."

"Na ziwa la watu wengine ndilo lililomtoa."

"Ndiyo."

Akafikiri. "Na ndoo ya tano inakwenda wapi?"

Nikamshika mkono nikaupeleka kwenye ubavu wa mashine ya kwanza, kwenye chuma. Kilikuwa na moto wa kupendeza, kama tanuri iliyozimwa karibuni. "Sehemu yake inapotea ikisuguana na bomba. Nyingine ni hii, joto hili."

Aliacha mkono wake pale kwa muda. Kisha akatazama mashine zote mbili, akainua shada.

"Ipi iliyogeuka?"

"Zote mbili."

"Nimeleta moja tu." Akasimama akikuna shingo, ameudhika kweli kweli, maana kwetu humpi mmoja ukamwacha aliyefanya kazi ile ile. "Basi wapokezane," akasema, akalitundika kwenye mashine ya kwanza, akaliweka sawa kama anavyomwekea ng'ombe.

Maua yamekauka sasa. Kila Jumatatu nalihamisha, wiki hii ya kwanza, wiki ijayo ya pili, na Dario analalamika kuhusu vumbi.

Dukani Kaspar bado ananiuliza maji nimeyapeleka wapi, na watu bado wanacheka. Lakini sasa akisikia wanacheka anawageukia. "Mnacheka nini? Nani kati yenu anajua ndoo ya tano inakwenda wapi?" Anaanza kuwaeleza, kengele ya mlango inalia, mkate unapoa. Anakosea kosea, hasa kwenye mambo ya mpakani. Nami naweka kikapu changu chini, namsahihisha, pole pole, mpaka mwisho.